Mmeuliza kupanda, nitawajibu kushuka

*"Daktari, mume wangu amefikisha miaka 60 na kustaafu, mimi nilistaafu ualimu kwa hiari nikiwa na 56. Tumeishi Mbeya karibu maisha yetu yote na Hifadhi ya Kitulo tunaisikia redioni tu. Tumeamua mwaka huu uwe wa kutembea: Mlima Ngosi mwezi wa tatu, Mlima Rungwe wa nne, Kitulo wa saba, meli ya Ziwa Nyasa kutoka Kyela hadi Mbamba Bay wa nane, halafu Hifadhi ya Ruaha na maporomoko ya Sanje kule Udzungwa, na tufunge mwaka na Kilimanjaro. Watoto wanasema tunakwenda kujiua. Magoti yangu yanauma, hasa nikishuka ngazi za kanisani. Nikipanda siyo sana. Wengine wanasema ni baridi ya huku, wengine wanasema ute umekwisha, nimekula bamia mpaka nimezichukia. Mume wangu ana presha mwaka wa kumi sasa. Anatumia losatani na ile ya kukojoa, ila siku ya safari ile ya kukojoa haimezi. Tukirudi tumechoka tunagawana diklofenaki ya maumivu. Je, tuendelee au umri umetupita? Kupanda milima hiyo hakutamdhuru?"*

Mwalimu, shikamoo, na mzee naye umfikishie shikamoo yangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka kwenye bamia. Mara ya pili nilisimama kwenye maneno ambayo naona ninyi wenyewe hamkuyapa uzito, "tunagawana diklofenaki", na hapo sikucheka. Nitayarudia. Ila kwanza nikutoe wasiwasi: kwa jinsi ulivyoeleza, sioni sababu ya ninyi kukaa nyumbani. Nendeni. Umri wa 56 na 60 si ugonjwa, na moyo wa mtu mwenye presha iliyotulia unapenda kutembeshwa.

Lakini barua yako yote inauliza habari za kupanda. Mimi hapa Mbeya, watu ninaowaona wakichechemea Jumatatu baada ya Ngosi au Rungwe, karibu wote waliumia wakishuka. Kupanda kunakuchosha, unahema, unakaa, unakunywa maji, unaendelea. Kushuka hakukuchoshi mapema, ndiyo maana kunakuumiza. Na ukiangalia vizuri, hata safari yenu ya meli ni safari ya kushuka: mnatoka Mbeya kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na kwenda Kyela kwenye mita 500 na ushee, kwa saa chache tu ndani ya basi. Huko nako kuna mambo yake.

Tuanze na magoti. Umesema yanauma zaidi ukishuka ngazi kuliko ukipanda. Hicho ni kipimo kizuri kuliko unavyodhani. Maumivu ya namna hiyo, kwa mtu wa umri wako, mara nyingi yanatoka sehemu ya mbele ya goti, pale kifuu kinapoteleza juu ya mfupa wa paja, na mara nyingi gegedu linalofunika mifupa hiyo limeanza kulika kidogo. Baridi ya Mbeya haijafanya kazi hiyo. Baridi inaweza kukufanya uhisi maumivu zaidi asubuhi, misuli ikiwa imekakamaa, lakini haili gegedu, na kama ingekuwa inalila basi watu wa Makete wangekuwa wanatambaa. Ute nao haujakwisha. Goti linatengeneza ute wake lenyewe kila siku, na linautengeneza vizuri zaidi likitembezwa. Bamia ni mboga nzuri, kula ukiipenda, lakini ule mlenda wake unaishia tumboni, unasagwa kama chakula kingine. Hauna njia ya kwenda gotini. Supu ya makongoro hali kadhalika, tena hiyo kwa mzee wa presha chumvi yake iangaliwe.

Sasa kwa nini kushuka? Umewahi kupita Kitonga ukienda Dar. Dereva mzoefu wa lori akifika juu ya ule mteremko anaingiza gia nzito kabla hajaanza kushuka, anaiacha injini ishikilie mzigo, na breki anaigusa kidogo kidogo. Mgeni anashuka kwa breki tupu. Katikati ya mlima breki zinanuka, na akifika chini, kama amefika, hana breki tena. Goti lako ni hivyo hivyo. Injini ni msuli mkubwa wa mbele ya paja. Ukishuka, msuli huo unafanya kazi ngumu sana, kwa sababu unavuta na huku unarefuka, unaizuia miili yetu isidondoke. Ukiwa dhaifu, unachoka mapema, na baada ya hapo kila hatua inapigwa na goti lenyewe. Hiyo ndiyo breki. Katika kushuka ngazi, goti linabeba mzigo wa zaidi ya mara tatu ya uzito wa mwili. Zidisha kwa hatua za saa tatu za kushuka Rungwe.

Habari njema ni kwamba injini inaongezeka nguvu hata ukiwa na miaka 80. Tafuta kigoda au kiti kisicho na mikono. Inuka bila kujishika, kisha kaa polepole, ukihesabu moja hadi nne wakati wa kukaa. Hapo kwenye kukaa ndipo penye dawa, kuinuka ni ziada. Fanya mara kumi, pumzika, rudia mara mbili, siku tatu kwa wiki. Baada ya wiki tatu hivi hamia kwenye ngazi moja ya nyumba: simama juu kwa mguu mmoja, teremsha kisigino cha mguu mwingine taratibu hadi kiguse chini, rudi. Maumivu kidogo wakati wa mazoezi ni sawa, mradi kesho yake goti liwe limerudi kama lilivyokuwa. Likivimba au likiuma zaidi siku ya pili, punguza. Jipe wiki nane hadi kumi na mbili kabla ya mlima wowote wa maana. Na kama una kilo za ziada, sikuhubirii, ila kila kilo unayopunguza inaliondolea goti mzigo wa karibu kilo nne kwa kila hatua.

Siku moja nilikaa kwenye mzizi chini ya mteremko wa mwisho wa Ngosi nikimsubiri mwenzangu, nikawa natazama watu wanavyoshuka. Vijana walikuja mbio, wakishikilia miti na kupiga visigino. Mama mmoja wa makamo alikuja nyuma yao amegeuka ubavu, hatua fupi fupi, fimbo ya mwanzi inatangulia, mguu unafuata, na goti lake halikunyooka hadi mwisho hata mara moja. Daima lilikuwa limekunjwa kidogo, kama mtu anayetaka kukaa. Alifika wa mwisho. Vijana walikuwa wamejilaza kwenye majani wanakandana mapaja, yeye akasimama akamenya ndizi. Shukeni kama yule mama. Chukueni fimbo, moja kila mkono, kila mtu na zake. Najua mzee atasema fimbo ni za wazee. Mwambie hii haionyeshi umri, inahamishia sehemu ya mzigo mikononi. Ndefu kidogo kwa kushuka, fupi kidogo kwa kupanda.

Sasa kabati la dawa. Dawa mbili za mzee, losatani na ile ya kukojoa, ni mchanganyiko mzuri na wa kawaida. Diklofenaki ndiyo inayoharibu. Figo inachuja damu kwa msukumo: kuna mfereji wa kuingiza damu kwenye chujio na mfereji wa kuitoa. Dawa ya kukojoa inapunguza maji yaliyomo mwilini. Losatani inalegeza mfereji wa kutolea, kwa hiyo msukumo ndani ya chujio unashuka kidogo, jambo ambalo kwa kawaida ni jema. Ukiongeza diklofenaki, inabana mfereji wa kuingizia. Maji machache, mlango wa kuingia umebanwa, wa kutokea uko wazi: chujio linabaki bila msukumo. Weka juu yake siku nzima ya jua, jasho, na chupa moja ya maji iliyogawanywa na watu wawili, na figo inaweza kuumia vibaya bila maumivu yoyote ya kumshtua mwenye nayo. Zaidi ya hapo, diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao wanapandisha presha wenyewe. Kwa hiyo mnajitahidi kuishusha asubuhi na kuipandisha jioni.

Mzee asiimeze tena. Akiumwa mgongo atumie parasetamo kwa kipimo kilichoandikwa, maji ya moto ya kukanda, na usingizi. Wewe usiye na presha una nafasi zaidi, lakini kwa goti jaribu kwanza diklofenaki ya kupaka; inafanya kazi mahali panapouma na kiasi kidogo tu ndicho kinachoingia kwenye damu. Na kama kuna siku mliwahi kununua vidonge "vya mchanganyiko vya maumivu" kwenye vifuko visivyo na jina, hivyo acheni wote wawili.

Kuhusu kuruka ile ya kukojoa siku za safari, namwelewa sana. Basi halisimami na vichaka vya njiani siku hizi vina nyumba. Lakini asiiache. Nguvu yake ya kumpeleka chooni iko zaidi katika saa za mwanzo baada ya kuimeza, kwa hiyo siku ya kutembea anaweza kuimeza akisharudi alasiri badala ya asubuhi. Amwombe daktari wake ampangie hivyo. Siku moja tu nitamruhusu asiimeze: akiharisha au kutapika njiani. Hapo ile ya kukojoa na losatani zote zisubiri, anywe maji ya chumvichumvi ya dukani, na aende kituo cha afya siku hiyo hiyo akaambiwe azianze lini.

Urefu wa milima yenu usiwatishe. Ugonjwa wa kimo kwa kawaida huanza juu ya mita 2,500, na huwapata zaidi wanaolala huko kuliko wanaopanda na kushuka siku hiyo hiyo. Rungwe ni mita 2,960 hivi, ninyi mnalala kila siku kwenye 1,700, na jioni mtakuwa mmesharudi. Kitulo mtakuwa kwenye 2,600 na huenda mkalala karibu, Matamba kwa mfano. Kichwa kikigonga kidogo usiku wa kwanza msishangae. Kitakachomgusa mzee huko ni baridi. Mishipa ya ngozi inajibana ili joto lisitoke, na presha inapanda. Sweta, kofia, chai ya moto, na dawa kwa wakati wake.

Kyela ni kinyume chake. Joto linafungua mishipa, jasho linatoka, presha inashuka, na mtu anayetumia dawa mbili za presha akiinuka ghafla kutoka kwenye benchi la meli anaweza kuona giza. Akae kwanza ukingoni, asubiri kidogo, ndipo asimame. Na malaria: sisi wa Mbeya mjini tunaishi na mbu wachache, tukishuka Kyela au Matema tunashuka na miili isiyo na kinga ya kutosha, huku tukijiona wenyeji kwa sababu shangazi anakaa Ipinda. Laleni kwenye chandarua chenye dawa, mjifunike jioni. Homa yoyote kuanzia wiki moja baada ya kufika huko ipimwe siku hiyo hiyo, na mwambieni mpimaji kwamba mmetoka Kyela; asipojua anaweza kuanza kutafuta mafua. Ziwani, epukeni kuoga penye majani na maji yaliyotulia. Pana konokono wa kichocho katika baadhi ya fukwe za Nyasa.

Kuhusu meli, mwezi wa nane siupendi. Kipupwe kina upepo wa kusini-mashariki, ambao Wamalawi wanauita mwera, na Ziwa Nyasa ni refu. Upepo unapata mbio ndefu ya kuinua mawimbi kabla haujafika kwenu. Kichefuchefu cha meli kinatokana na ugomvi: sikio la ndani linasema tunayumba, macho yaliyo ndani ya chumba yanasema tumetulia. Kaeni katikati ya meli, chini kadiri inavyowezekana lakini mahali mnapoona nje, na mkazie macho milima ya Livingstone isiyoyumba. Msipande na tumbo tupu wala lililojaa. Wengi hununua promethazini kabla ya kupanda. Inasaidia, na inaleta usingizi mzito. Mzee aniwie radhi, ila kama siku hizi mkojo wake unatoka kwa kusitasita, dalili ya tezi dume, asiimeze bila kuuliza. Inaweza kuufunga kabisa, na kufungwa mkojo katikati ya ziwa ni jambo ambalo hamtalisahau.

Kwa hiyo ningeupindua mwaka wenu. Ngosi mwezi wa tatu ni matope na mizizi inayoteleza, na goti lako bado halijapata injini. Kitulo mwezi wa saba mtakuta nyasi na umande ulioganda. Ile Bustani ya Mungu inachanua tangu Desemba hadi Aprili, na kutembea kwake ni tambarare na vilima laini, kwa hiyo iwe ya kwanza, miezi ya mvua ikiwa bado inaendelea, mkiwa na gari linaloweza barabara hiyo. Wakati huo huo mnafanya mazoezi ya kigoda. Ngosi iende mwezi wa sita njia ikishakauka, ikiwa kama mtihani. Ruaha na Sanje ziingie kati ya wa saba na wa nane. Ruaha mtakaa garini, miguu itapumzika, na Sanje ni maporomoko ya mita 170 yenye njia ya kupanda na kushuka msituni, mtihani wa pili. Rungwe mwezi wa tisa, na mwongoza njia wa pale kijijini, mkianza alfajiri. Meli mwezi wa kumi au mwanzoni mwa wa kumi na moja, upepo ukishalegea. Ratiba ya meli muulizie bandarini wiki ile ile, inabadilika.

Kilimanjaro. Hapa nitasema ninavyoona mimi, na daktari mwingine anaweza kusema tofauti. Presha iliyotulia haimzuii mzee. Wasiwasi wangu mkubwa ni wewe, na ni wa kushuka. Wanaopita njia za Machame au Lemosho wanatoka kileleni, mita 5,895, hadi lango la Mweka lililo kwenye mita 1,600 na kitu, kwa muda usiofika siku mbili. Ni zaidi ya mita 4,000 za kushuka, baada ya usiku usio na usingizi, huku hewa ya kileleni ikiwa na nusu tu ya oksijeni iliyopo pwani. Ile dawa ya kimo, asetazolamaidi, nayo ni ya kukojoa. Mzee angekuwa na mbili. Kama Rungwe itakwisha na kesho yake unashuka ngazi za kanisani bila kujishika, tuzungumze habari za mwaka ujao, kwa safari ya siku saba au nane, si tano. Mwaka huu nendeni Marangu, mpande hadi kambi ya Mandara kwenye mita 2,700 hivi na kurudi siku hiyo hiyo. Msitu ule ni mzuri na gharama yake ni sehemu ndogo tu ya kwenda kileleni.

Kabla ya yote, wiki hii mzee aende kliniki yake. Apimwe presha akiwa amekaa na akiwa amesimama, kreatinini (kipimo cha damu cha figo) na potasiamu, hasa baada ya diklofenaki zote hizo, na kipimo cha umeme wa moyo kwa kuwa anaanza mazoezi mapya. Presha ikiwa 180 kwa 110 au zaidi, safari isubiri. Wewe nenda ukaonwe ana kwa ana kama goti linavimba na kuwa la moto, linakwama katikati ya kukunja, au linakuacha ghafla unapolikanyaga. Hayo mazoezi ya kigoda hayayatibu. Mkiwa njiani, kifua kubana wakati wa kupanda, kuhema hata ukiwa umekaa, au kuongea kama mlevi bila pombe, hapo hakuna cha "tumalizie kidogo tufike". Mnageuka saa hiyo hiyo na kutafuta hospitali. Na baada ya basi la kutwa, mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu huku mwingine uko sawa, usiuchue. Nenda ukapimwe.

Nakaribia kusahau viatu. Vya mtumba vya Mwanjelwa ni vizuri tu, mimi mwenyewe ndivyo ninavyovaa, lakini chukueni vinavyoacha nafasi ya kidole mbele. Nilishuka Rungwe mara moja na viatu vilivyonibana na kucha mbili zikawa nyeusi kwa miezi. Kaza kamba juu ya mguu kabla ya kushuka, si kabla ya kupanda tu. Halafu kikunje kiatu kwa nguvu, ubonyeze soli kwa kidole gumba. Zile soli za povu zinaoza zikikaa miaka stoo hata kama kiatu kinaonekana kipya, na zinabanduka zote mbili siku moja, kwa kawaida mkiwa mbali kabisa na gari. Ikibonyea na kumeguka kama mkate mkavu, mrudishie muuzaji. Na bebeni gundi na kamba ya ziada.